Sauti inatoka upande gani? GCC-PHAT, SRP-PHAT, MUSIC au mtandao wa neva kwa kelele za Dar es Salaam

Jibu la mwenye haraka: kama una maiki nne zilizopangwa duara, bodi ya Raspberry Pi, na kazi yako ni kumfuata mtu anayezungumza ndani ya chumba, chukua SRP-PHAT, moja ya mbinu nne za hesabu ninazolinganisha hapa, uendelee na mambo yako. Yanayofuata ni ya wale ambao kazi yao haimo katika sentensi hiyo. Yupo anayetaka kujua jenereta ya nani inakoroma umeme ukikatika. Yupo anayetaka kujua muziki unatoka ukumbi upi kati ya mitatu iliyopakana Sinza. Yupo fundi aliyeombwa kufunga kamera ya ukumbi wa mikutano pale Posta, igeuke yenyewe kumtazama anayeongea. Halafu wapo wanafunzi wa CoICT Kijitonyama na wa DIT wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na hao ndio wanaouliza maswali magumu kuliko wote.

Kazi zote hizo zinaitwa kwa jina moja, kukadiria mwelekeo wa sauti, ndiyo maana watu hukimbilia kuuliza mbinu ipi ni kali. Mimi huuliza kwanza sauti yenyewe ni ya namna gani, na maiki zimekaa umbali gani. Mbinu inayosifiwa kwa hotuba inaweza kupotea kabisa mbele ya jenereta, na ile inayoiweza jenereta ikababaishwa na mwangwi wa ukumbi.

Milisekunde za kugombania

Mbinu zote nne zinaishi kwa jambo moja: sauti ikitoka pembeni, hufika kwenye maiki ya karibu kabla ya kufika kwenye ya mbali. Kwa joto la nyuzi 30, la kawaida kabisa kwetu, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Programu nyingi zimewekewa 343, ambayo ni kasi ya kwenye nyuzi 20. Ukiiacha hivyo, chanzo kilicho kwenye pembe ya nyuzi 60 kutoka mbele ya maiki kitasomeka 58.3. Si kosa kubwa, lakini kulirekebisha ni kubadilisha namba moja tu, kwa hiyo libadilishe.

Sasa chukua maiki mbili zilizoachana sentimita 10. Sauti ikija kutoka pembeni kabisa, tofauti ya kufika ni milisekunde 0.29. Ukirekodi sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, hiyo ni sampuli 4.6 basi. Kama programu yako inahesabu sampuli nzima nzima, una majibu tisa tu ya kuchagua, kutoka −4 hadi +4. Karibu na katikati, kila hatua ni zaidi ya nyuzi 12. Ukielekea pembeni, jibu la mwisho unaloweza kupata ni nyuzi 61 hivi, na vyote vilivyo pembeni zaidi ya hapo vitarundikwa humo humo. Dawa ni kurekodi kwa sampuli 48,000, au kukadiria kilele kinachoangukia katikati ya sampuli mbili. Fanya vyote viwili ukiweza.

Mtu atasema: basi nitenganishe maiki mbali zaidi. Hapo unakutana na mpaka wa nusu ya urefu wa wimbi. Kwa sentimita 10, sauti ya mlio mmoja iliyo juu ya 1,745 Hz huanza kulingana na mwelekeo zaidi ya mmoja, na hesabu haiwezi kujua upi ni wa kweli. Hotuba, makofi na mlango kubamizwa havisumbuki sana na hilo kwa sababu vina masafa mengi kwa pamoja: mielekeo ya uongo hubadilika masafa hadi masafa, ule wa kweli unabaki palepale. Mluzi au king'ora hauna kinga hiyo.

GCC-PHAT: hesabu ndogo, maiki mbili

Knapp na Carter waliiandika mwaka 1976 na bado ndiyo ya kwanza kufundishwa, kwa haki kabisa. Inachukua rekodi za maiki mbili na kutafuta ni kuchelewa kiasi gani kunakozifanya zilingane. Kipande cha PHAT kinatupa ukubwa wa kila masafa na kubakiza fezi, yaani wimbi limefikia wapi katika mzunguko wake. Matokeo yake kilele cha jibu kinachongoka, na sauti iliyokuja moja kwa moja inatengana na ile iliyogonga ukuta kwanza. Kwa vyumba vyetu vya tailizi chini, plasta ya saruji pembeni na jipsamu juu, bila zulia wala mapazia mazito, hilo si jambo dogo.

Lakini kutupa ukubwa kuna gharama. Kila masafa yanapata kura moja, hata yale ambayo hayana chochote ndani yake zaidi ya kelele. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, nusu ya kura zinapigwa na mvua. Ukibakiza masafa ya hotuba tu, tuseme 300 hadi 3,500 Hz, unapunguza maumivu bila kuyamaliza.

Kasoro ya pili ni ya maumbile: maiki mbili hazitofautishi mbele na nyuma. Sauti ya nyuzi 40 mbele na ya nyuzi 40 nyuma zinaleta kuchelewa kule kule. Kifaa kikibandikwa ukutani hilo halina madhara, kwa sababu nyuma hakuna mtu. Kikiwekwa katikati ya meza, usijisumbue na maiki mbili.

Ninayempendekezea GCC-PHAT ni yule mwenye ESP32 (chipu ndogo ya kuendeshea vifaa), bajeti ya kubana, na chanzo kimoja kilicho upande mmoja wa chumba. Pia mwanafunzi anayetaka kuelewa kabla ya kutumia maktaba ya mtu mwingine.

SRP-PHAT: kila jozi ipige kura

Hii ilitoka Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, katika tasnifu ya Joseph DiBiase ya mwaka 2000. Inatumia GCC-PHAT hiyo hiyo kwa kila jozi ya maiki, lakini haiamini kilele cha jozi yoyote peke yake. Inapita mwelekeo mmoja mmoja ikiuliza: kama sauti ingetoka huku, kila jozi ingetakiwa kusikia kuchelewa kiasi gani? Kisha inajumlisha kilichosikika kweli kwa kila jozi. Jozi iliyodanganywa na ukuta wa karibu inazidiwa kura na nyingine.

Maiki nne zina jozi 6, maiki sita zina 15. Ukipima mielekeo 360 kwa maiki nne, ni nyongeza 2,160 kwa kila kipande cha sauti, kazi ambayo Raspberry Pi 4 inaifanya bila kutoa jasho. Mambo yanabadilika ukiwa na maiki 16 na unataka pia kujua sauti iko juu kiasi gani, kama anayetaka kufuatilia ndege zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere akiwa Kipawa. Jozi ni 120, mielekeo ni 32,400 ukipima kila nyuzi moja, na jumla inafika karibu milioni 3.9 kwa kipande kimoja. Hapo unapima kwa hatua kubwa kwanza, halafu unachimba pale palipoonyesha dalili.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haijui kunyamaza. Chumba kikiwa kimya itakupa mwelekeo wa kiyoyozi, na kwa kujiamini. Kamera ya ukumbi itageuka kuitazama AC kila msemaji anapovuta pumzi. Kwa hiyo SRP-PHAT bila kichujio cha kutambua kama kuna mtu anaongea haijakamilika. Usiifunge kwa mteja hivyo. Watu wawili wakiongea kwa pamoja, mwenye sauti kubwa zaidi hushinda, na kilele cha pili unachokiona kinaweza kuwa mtu wa pili au kivuli cha yule yule wa kwanza.

Programu zipo tayari. Pyroomacoustics, maktaba ya Python iliyozaliwa chuo cha EPFL, Uswisi, ina SRP-PHAT na MUSIC pamoja, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha kwenye rekodi moja kwa kubadilisha mstari mmoja. ODAS ya Chuo Kikuu cha Sherbrooke, Kanada, imeandikwa kwa lugha ya C na inafuatilia vyanzo vinavyotembea hata kwenye kompyuta ndogo. Ya kwanza ni ya kujifunzia na kupimia. Ya pili ni ya kifaa kitakachowashwa asubuhi na kuachwa.

MUSIC: bingwa mwenye masharti

Jina ni kifupisho na halihusiani na nyimbo. Ralph Schmidt aliitoa 1979 akifikiria antena za redio, ikachapishwa tena 1986 na kuenea. Inachukua matriksi, yaani jedwali la namba, ya uhusiano kati ya maiki zote, inaigawa sehemu ya vyanzo na sehemu ya kelele, kisha inatafuta mielekeo ambayo haigusani kabisa na sehemu ya kelele. Kwenye karatasi, vilele vyake ni vyembamba kama sindano, na inaweza kutenganisha vyanzo viwili vilivyokaribiana ambavyo SRP-PHAT inaviona kimoja. Grafu zake zinapendeza sana kwenye ripoti, na naamini hiyo ndiyo sababu nusu ya miradi inaichagua.

Masharti yake ndiyo haya. Lazima uiambie kuna vyanzo vingapi, na viwe pungufu ya idadi ya maiki: maiki nne, vyanzo visizidi vitatu. Nani anajua idadi ya vyanzo pale Mwenge saa kumi na mbili jioni? Pili, inadhani kelele ni sawa kwenye kila maiki na haina uhusiano kati yao. Kelele ya barabara ina mwelekeo wake, kwa hiyo dhana hiyo inavunjika mapema. Tatu, mwangwi ni nakala ya sauti ile ile, na nakala mbili za sauti moja hesabu inazisoma kama chanzo kimoja kilichoharibika. Ipo dawa ya kugawa safu (maiki zote kwa pamoja) katika vipande vinavyoingiliana na kuchukua wastani, ila inataka maiki zilizopangwa mstari mmoja kwa nafasi sawa. Nne, ilibuniwa kwa masafa membamba, kwa hiyo kwa hotuba unairudia kwenye kila masafa na kuunganisha majibu.

Lakini mpe jenereta uone. Jenereta ndogo ya petroli yenye silinda moja na injini ya mipigo minne, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa 50 Hz, hulipuka mara 25 kwa sekunde. Sauti yake ni mistari iliyopangika: 25, 50, 75 na kuendelea hadi mamia ya Hz. PHAT inaumia hapo, kwa sababu kati ya mistari hakuna kitu ila kelele, nayo imepewa kura sawa. Na mlio unaojirudia unazalisha vilele vingi vinavyofanana. MUSIC inachagua mstari mmoja, tuseme karibu na 300 Hz, inakusanya sekunde kadhaa kwa kuwa jenereta haihami, na kutoa jibu. Ila safu iwe pana: kwa 300 Hz wimbi lina urefu wa mita 1.16, na maiki zilizobanana kwenye bodi ya kiganja hazioni tofauti ya maana. Zipanue hadi sentimita 30 au 50.

ESPRIT ya Roy na Kailath, 1989, ni ndugu yake. Haitafuti mwelekeo mmoja mmoja, inapata jibu moja kwa moja, lakini inadai safu yenye nusu mbili zinazofanana kabisa. Kwa kazi za hapa sijaona sababu ya kuichagua.

Mtandao wa neva: unaojua pia ni sauti ya nini

Mtandao wa neva ni programu inayojifunza kwa mifano. Tangu 2019 mashindano ya DCASE yana kazi maalumu ya kutambua sauti na mwelekeo wake kwa pamoja, na mfumo wa SELDnet uliotoka Tampere, Finland, 2018 ndio wengi wanaoanzia. Nguvu yake halisi ni hapo: hauishii kukuambia "kuna sauti nyuzi 130", unakuambia ni honi, ni mtu, ni mlango. Kama unataka kutenganisha honi ya bajaji na adhana na kengele ya muuza ice cream, mbinu tatu za juu haziwezi hata kujaribu.

Shida ni chakula chake, yaani rekodi za kuufunzia. Rekodi za STARSS22, maarufu kwa kazi hii, zilichukuliwa vyumbani Tampere na Tokyo. Hakuna bodaboda, hakuna kigodoro, hakuna bati linalopigwa na mvua. Tena mtandao uliofunzwa kwa safu ya umbo moja hauhamii kwenye safu ya umbo jingine; ukibadilisha bodi, unafunza upya. Njia inayowezekana ni kutengeneza vyumba vya kubuni ndani ya Pyroomacoustics vikiwa na vipimo na kuta za kwetu, kumwagia humo kelele ulizorekodi Kariakoo, halafu kumalizia na rekodi chache za kweli zilizopimwa pembe. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ni mradi mzuri mno. Kwa fundi mwenye mteja wa wiki ijayo, hapana.

Besi ya kigodoro haikamatiki na kisanduku kidogo

Hili nalirefusha kwa sababu ndilo ombi la kawaida: muziki unapigwa mtaani hadi alfajiri, majirani wanataka ushahidi wa unakotoka.

Kinachopenya ukuta wako usiku ni besi. Kwa 60 Hz, wimbi moja lina urefu wa mita 5.8. Maiki mbili zilizoachana sentimita 6 zinaona tofauti ya fezi ya nyuzi 3.7 tu, na tofauti za utengenezaji kati ya maiki na maiki zinaweza kuimeza yote. Hakuna mbinu kati ya hizi nne inayookoa hali hiyo. Taarifa yenyewe haipo kwenye rekodi.

Unazo njia mbili. Ya kwanza ni kutawanya maiki mita mbili au tatu kutoka moja hadi nyingine juu ya paa la zege, zote zikiingia kwa waya kwenye sauti kadi moja yenye njia nne. Ya pili ni kuachana na besi na kufuata sehemu za juu za muziki huo huo: singeli ina vilio vyembamba na sauti za MC za kutosha kwa SRP-PHAT. Lakini ukiweka kifaa sebuleni, sehemu hizo zimeshakatwa na kuta, na kinachobaki kinaingia kupitia upenyo wowote uliopo. Kisanduku kitakuelekeza kwa uaminifu kabisa kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili, siyo kwenye spika. Kipandishe juu, kione mbali.

Safu ndogo pia haikupi umbali, inakupa mstari tu. Ukitaka nukta kwenye ramani, weka visanduku viwili vilivyoachana mbali, kisha uangalie mistari inapokatana. Kosa la nyuzi 5 kwa mita 100 ni karibu mita 9 pembeni, yaani unaweza kutaja kiwanja lakini si chumba. Uzuri ni kwamba visanduku hivyo viwili havihitaji kwenda pamoja sampuli kwa sampuli. Saa ya intaneti inatosha kujua kwamba vinazungumzia tukio moja.

Na kwa wanaofikiria kupeleka malalamiko NEMC: kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zinapima desibeli, siyo pembe. Mwelekeo utamwonyesha mkaguzi pa kwenda; kiwango kitapimwa kwa kipimo kilichokaguliwa.

Vifaa

Maiki za USB zimejaa Kariakoo, na kununua nne na kuzichomeka kwenye kompyuta moja ni kupoteza hela. Kila moja ina saa yake ndani. Saa zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya sekunde 10 rekodi zimepishana nusu milisekunde, zaidi ya kuchelewa kote ulikokuwa unakutafuta. Ni sawa na mashahidi wawili wenye saa zisizokubaliana kubishana nani alifika kwanza. Simu nne zina ugonjwa huo huo.

Cha bei ya chini kinachofanya kazi ni maiki ndogo za INMP441 na ESP32: njia moja ya I2S, ya kupitishia sauti ya kidijitali, inabeba maiki mbili zikiwa na saa moja, na kwa nne unatumia njia mbili za chipu hiyo zikishirikishwa saa. ReSpeaker ya USB yenye maiki nne inakupa pembe yenyewe, kuanzia 0 hadi 359, bila wewe kuandika hesabu yoyote. Ukitaka kupima mbinu zako, weka programu-ndani (firmware) ya chaneli sita ili upate rekodi ghafi, maana ile ya chaneli moja inakuficha kila kitu. Fahamu inarekodi sampuli 16,000. Bodi za ReSpeaker zinazokaa juu ya Raspberry Pi ni nzuri ila dereva yake hugombana na matoleo mapya ya mfumo, kwa hiyo hakikisha toleo kabla hujalipa. miniDSP UMA-16, maiki 16 katika mraba wa nne kwa nne, ni kwa mwenye fungu la utafiti.

Nje ya nyumba, hasa Masaki na Kigamboni, upepo wa bahari ukigonga maiki unazalisha ngurumo ya masafa ya chini isiyo na mwelekeo wowote. Sponji ya kufunika kila maiki ni ya lazima, na chumvi itakula viungo vya risasi usipovipaka kinga.

Kabla ya kuamua, rekodi chaneli zote ghafi mahali penyewe pa kazi, feni na AC zikiwa zimewashwa kama kawaida. Chora duara sakafuni, weka alama kila nyuzi 30, simama kwenye kila alama uongee kisha upige makofi. Pitisha rekodi hizo hizo kwenye mbinu zote unazofikiria. Usitumie wastani wa makosa: panga makosa kutoka dogo hadi kubwa, soma la katikati, halafu hesabu kando ni mara ngapi jibu limekosea zaidi ya nyuzi 20. Hayo makubwa karibu yote ni kuta, na kwa kawaida yatatoka kwenye alama zile zile. Sogeza safu nusu mita kutoka kwenye ukuta wa karibu urudie kupima kabla hujabadilisha mbinu.